Dakika Tano Kabla ya Magharibi

Kitale,
24 Ramadhani.

Baba yangu mpendwa,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta umeketi, si umelala, na kwamba miguu imepungua kuvimba. Mama naye hajambo? Mimi mwili mzima, ila chakula na usingizi vimenikataa, na sababu yake siwezi kuisema kwa simu.

Unaijua ile saa ya ukutani niliyouundia msikiti wetu katikati ya Rajabu, inayoonyesha nyakati za swala. Sikukwambia ilivyonitesa. Kristali, kile kijichuma kinachoipigia saa mapigo, kiligoma kuamka. Nilijaribu kristali tatu, nikasafisha bodi kwa spiriti, nikachoma upya risasi inayoshikilia nyaya. Kimya. Siku ya kukabidhi nikazing'oa kapasita mbili ndogo zinazokaa kando yake, saa ikaamka. Nilijua bila hizo mapigo yatakwenda mbio kidogo. Lakini kamati ya msikiti ilikuwa mlangoni, nikaikabidhi saa hivyo hivyo.

Kidogo hicho, Baba, ni sekunde tano kwa siku. Jumanne iliyopita niliilinganisha na simu yangu, nikakuta imetangulia dakika tano nzima. Mzee Adow, muadhini wetu, hufuata saa hiyo tu. Kwa hivyo mtaa mzima tulikuwa tukifungua jua halijatua.

Nikanyamaza. Niliogopa watasema haya ndiyo matokeo ya kumpa mwanamke kazi. Ijumaa asubuhi niliingia kwa kisingizio cha kupangusa vumbi, nikairudisha nyuma. Adhuhuri hiyo Hamid, mwenyekiti wa kamati, akasema watu wanalalamika kwamba adhana ya magharibi inawahi. Wakaikagua saa, wakaona iko sawa. Lawama ikamwangukia Mzee Adow, ati macho yamechoka, hasomi tena nambari. Hakubisha. Aliomba watu msamaha, akampa Hamid funguo za chumba cha kipaza sauti. Imamu akatangaza tulipe siku zote ishirini.

Jana sikuweza tena. Nilikwenda kwa Mzee nyuma ya soko, nikamweleza yote nikilia. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Mimi nimekusamehe, Nafisa. Lakini wako waliofungua kwa sauti yangu. Hao waambie mwenyewe."

Leo baada ya alasiri nimesimama mbele ya kamati nikasema. Hamid akaniagiza niishushe saa. Walimpelekea Mzee funguo zake. Amekataa kuzipokea.

Amebaki mmoja sijamwambia.

Baba, ulikuja kwangu Jumatano na Alhamisi. Daktari alikukataza kufunga mwezi huu, ukasema lakini siku mbili hizi lazima uzipate, hata kama ni hizo tu. Adhana iliposikika ulinitazama kwanza, kama anayeuliza. Mimi nilikuwa nimeshajua tangu Jumanne. Nikakuwekea tende mkononi, nikakwambia, "Fungua, Baba, wakati umefika." Siku zote mbili.

Nimemuuliza imamu kama naweza kukufungia mimi. Amesema mtu aliye hai hafungiwi na mwenzake. Sina la kukupa, Baba, ila ukweli huu uliochelewa.

Nisalimie Mama, na majirani wote wanaokuja kukujulia hali. Usiharakishe kujibu kama moyo haujatulia, ila usiache kunijibu.

Mwanao,
Nafisa Salman