Kaskazini Ni Ubaoni

Shoga, mkaguzi katoka darasani kwangu sasa hivi. Nimekaa tu, chaki mkononi.

Unajua darasa la tano nimewakaririsha muhula mzima kwamba kaskazini ni ubaoni. Basi jana paa likavuja, tukahamia chumba kingine.

Leo mkaguzi kauliza, "Kaskazini ni wapi?" Watoto arobaini wakanyoosha vidole ubaoni. Wote! Na pembeni ya ubao kuna dirisha, jua la asubuhi linaingia hapohapo.

Akanigeukia. "Mwalimu, kwani jua linachomoza kaskazini?"

Nikasema la hasha, mashariki.

"Na mashariki ni wapi?"

Shoga, jua linanichoma kisogoni, mimi nikamwonyesha kulia kwa ubao, kama siku zote, na humu kulia kuna kabati.

Kabati!

Watoto wakanipigia makofi.