Nani Aliitoa Ramani?

Cedar Hill, 12 Februari 2024

Dada Dorothea,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na goti lako limetulia na baridi hii. Sisi ni wazima, ila mimi usingizi umenikimbia, na sababu nitakwambia.

Usishangae kuona barua ya karatasi. Simu siwezi, Elia, kijana wangu wa kazi, yuko chumba cha pili na masikio yake ni mazima. Barua pepe ya ofisi aliifungua yeye mwenyewe, neno la siri analijua.

Siku ya harusi ya Clara huko mjini Katy nilipotea njia, nikaingia mtaa mpya. Nyumba zote zilezile, boriti za urembo zisizobeba kitu, mawe ya kubandika. Katikati yake nikaiona nyumba ya mchoro wangu inajengwa! Veranda pana, nguzo nene chini na nyembamba juu, na kwenye maungio kabari za mwaloni, bila msumari hata mmoja. Dada, mtindo huu wa Arts and Crafts, wa kuonyesha kazi ya mikono, wengi wanauiga, lakini kabari ile ya kukatwa mshazari ni yangu. Na niliyemfundisha ni mmoja tu, Elia.

Unajua nilivyopanga. Mimi nazeeka, watoto wangu wamechagua kompyuta na udaktari, na kazi hii nilitaka nimwachie yeye. Sasa nahisi anaiuza nikiwa hai. Kikulacho ki nguoni mwako. Wewe uko karibu na Katy. Nenda ukaniangalizie, uliza mwenye nyumba ni nani na nani kamchorea. Usiseme nimekutuma.

Mdogo wako,
Gelasius

---

Stafford, 9 Machi 2024

Mdogo wangu Gela,

Milele amina. Sisi hatujambo. Goti linauma, namshukuru Mungu linauma moja tu.

Nimekwenda. Nilivaa miwani ya jua kama mpelelezi, shemeji yako akacheka mpaka akakohoa. Mafundi walikuwa juu ya paa. Wakanielekeza kwa mwenye nyumba, mama mrefu sana, Mkenya, nesi, anaitwa Lydiah. Nikamsifia veranda. Akasema, "Aki asante! Hiyo plan tulipewa tu na mtu wa kanisa, halafu builder aka-adjust mbele kidogo." Kabla sijauliza mtu gani, simu yake ikalia, akaingia garini.

Basi ndio hayo. Lakini taratibu, Gela. Ulipopasuliwa, aliyelala kwenye kiti hospitalini ni Elia, si mimi wala wanao. Na wewe tangu utoto ukipoteza kalamu, darasa zima ni wezi. Mpe nafasi. Muulize kama mtu na mwanawe, usimuulize kama polisi.

Msalimie wifi. Mwambie mbegu za mchicha nilizopanda zimeota.

Dada yako,
Dorothea

---

Cedar Hill, 20 Machi 2024

Dada Dorothea,

Salamu nyingi. Tu wazima wa mwili.

Mtu wa kanisa! Elia anaimba kwaya, na nusu ya kwaya ile ni Wakenya. Unataka nini tena?

Jana nilimwambia afungue begi lake mbele yangu. Mlikuwa na randa yake, kontena la wali na soksi. Nikamwambia mwizi mzoefu hatembei na mali ya wizi. Aliniangalia kidogo, akaweka ufunguo wa ofisi juu ya meza, akasema, "Kwaheri, mwalimu," akaondoka. Hakujitetea hata kwa neno moja. Mtu safi anaondoka hivyo?

Wateja nimewaarifu kwamba hayupo tena, na nimewaambia kwa nini. Najua utanigombeza. Nilimpenda yule kijana kama wa kuzaa, ndiyo maana inaniuma hivi.

Nyumba ikiisha, tafuta njia uingie ndani. Nikijua vyumba vilivyo, nitajua ni ramani ipi aliyoichukua.

Mdogo wako,
Gelasius

---

Cedar Hill, 15 Juni 2024

Dada,

Hujambo? Mbona kimya? Nakupigia, shemeji anasema umelala, au umekwenda sokoni, au unaoga. Watu hawaogi hivyo.

Tena nasikia Elia alionekana parokiani kwenu Stafford. Alifuata nini? Kama amekuja kwako kulia, na wewe umemwamini, niambie. Kama mko pamoja, niambie pia. Nimeanza kufikiri ulikuwa unamtetea mapema mno.

Nyumba ile imeisha, nimeiona mtandaoni. Uliingia au hukuingia?

Gelasius

---

Stafford, 2 Julai 2024

Mdogo wangu Gela,

Amani ya Bwana iwe nawe. Afya tunayo. Kaa kwanza ndipo usome.

Niliingia mwezi wa tano. Lydiah alifanya sala ya kubariki nyumba, akanialika, nikabeba ndizi za kupika. Sebule sikuitambua, fundi alibadilisha vyumba vya mbele. Nikafika jikoni. Lydiah akasema, "Everything ni poa, dada, but hii counter inaniua mgongo. Sijui walipimia nani." Nikaweka mikono juu ya hiyo meza ya kupikia. Viwiko vyangu vikatulia pale bila kuinama wala kujinyoosha. Rafu ya juu naifikia. Hata lile tundu la kutolea moshi uliloniwekea upande wa jiko, lipo.

Walinipimia mimi, Gela. Ulipojenga nyumba yangu ulinisimamisha na tepu kama fundi cherehani, ukasema nyumba inafuata mwili wa mwenyewe. Lydiah anainama kila siku kwa sababu ya ufupi wangu.

Ramani niliitoa mimi. Gakii wa kikundi chetu cha akina mama aliniomba aione, nikampa yote, mpaka michoro ya kabari. Kumbe Lydiah ni mke wa kaka yake. Sikuona kama natoa kitu. Nyumba ya baba yetu Bukoba ilijengwa kwa ramani ya kuazima kwa mwalimu mkuu. Jirani akiomba mche wa mgomba, unamnyima? Sikujua kwamba huku ramani si mche, ni shamba lako lenyewe.

Nilinyamaza kwa woga. Ulikuwa umeshamfukuza mtoto wa watu. Na Elia alikuja parokiani kuimba kwenye msiba, hakunisogelea. Mimi ndiye niliyemkwepa.

Nisamehe.

Dada yako,
Dorothea

---

Cedar Hill, 19 Julai 2024

Dada Dorothea,

Nimesoma. Nilikasirika, nikatoka nje, nikarudi, nikasoma tena. Sijui nikukasirikie au nijikasirikie. Ungeniuliza, dada. Mimi pia ningeuliza.

Nimempigia Elia, hapokei. Nimekwenda anakoishi, wameniambia amehama. Mtafute, wewe watu wanakuambia mambo. Mwambie arudi, meza yake ipo, jina lake nitaliweka mlangoni pamoja na langu. Wateja wote nitawaambia ukweli.

Lakini muulize kitu kimoja, kinanisumbua. Kama hakuwa na kosa, kwa nini hakujitetea?

Mdogo wako,
Gelasius

---

Stafford, 25 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi wazima.

Nimempata. Yuko Fort Worth, anatengeneza milango kwenye karakana ya mtu. Alinipokea vizuri, akanipikia chai. Nilimwambia yote, na kwa kosa langu nikamwomba msamaha, nikalia pale mbele ya wenzake. Akasema amenisamehe, na nikaona ni kweli.

Nikamfikishia maneno yako, meza, jina mlangoni, yote. Akaniongezea chai. Nikamuuliza swali lako. Akasema, "Dada, ningemjibu nini? Alikuwa anatazama begi, hakuwa ananitazama mimi."

Nikamwomba tena arudi. Akasema kazi ile inataka mikono iliyotulia, na kwako mikono yake haitatulia tena, kila akishika karatasi atageuka kuangalia kama upo. Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Nikarudia mara ya tatu, akanishika bega, akaniomba nisirudie.

Wateja waambie ukweli, hilo fanya leo. Anwani yake nimeiweka kwenye karatasi ndogo ndani ya bahasha. Mwandikie mwenyewe. Usimwombe arudi, Gela, na usimuulize kitu. Mwombe msamaha, uishie hapo.

Dada yako,
Dorothea