Vioo Ulivyovisahau Kileleni

Chumba cha juu, nyuma ya kiwanda cha mkate
Jumapili, 12 Juni

Mpendwa Kaka,

Kabla ya lolote niambie: unakula? Na kifua, kinavumilia baridi ya huko? Sisi wazima wa kuungaunga. Bonge anaota meno, halali wala haachi mtu alale. Hapa naandika nimempakata, anavuta karatasi.

Mama anasumbuliwa na magoti. Juzi kaniuliza tena ni kazi gani hii, wewe huko juu mlimani na mimi huku maabara. Nikamwambia kuna miale inatoka mbali sana angani, inatupita mwilini usiku na mchana wala hatuisikii. Zamani wataalamu walidhani yote inatoka ardhini, mpaka mmoja akapanda na puto akakuta kadiri anavyopaa ndivyo inavyozidi. Ndiyo maana Kaka anaweka kileleni vioo vilivyopakwa dawa ya picha. Mwale ukipita unaacha mstari, na mimi naitafuta hiyo mistari kwa hadubini. Mama akacheka: "Yaani mwanangu kapanda mlima kwenda kuanika vioo!" Kisha akaongeza: "Si akishaanika ateremke, jamani."

Sasa nisikilize, Kaka.

Vioo vyako vya mwisho vimefika. Nilipochungulia sikuona mistari, niliona kichaka. Imepandana, imefungana, hakuna hata mmoja unaoweza kuufuata ukajua ulikotoka. Wenzangu wakasema labda dawa imeharibika. Mimi nilijua vimekaa nje kupita muda wake kwa sababu umevisahau. Wewe, ambaye ulikuwa ukirudi kutoka njiani kuhakikisha umefunga mlango! Na barua yako inasema "mimi mzima, hakuna jipya."

Tangu wifi alipotutoka ulitaka utulivu, tukakuachia. Lakini huo si utulivu tena. Mtu aliyeacha kazi anayoipenda ilale nje hivyo, hata jiko hawashi.

Nimekwenda kwa Profesa. Nimemwambia dawa haina kosa, mwekaji ndiye haumudu tena upweke. Akakuna kichwa, akasema ukiteremka sasa huenda nafasi yako ikachukuliwa na mwingine. Nikamjibu, ichukuliwe.

Najua utafura. Kitindamimba kakuamulia mambo! Sawa, ila kugombezwa kwa barua sitaki. Njoo unigombeze hapa mezani, mbele ya chakula cha moto.

Dereva aliyekupa barua hii amekuja na mtu wa kushika zamu yako. Nimemwambia asiwashe gari mpaka uwe umekaa ndani. Usimbishie, ana watoto wanaomngoja.

Mama anakusalimu, shemeji yako pia. Kitanda chako amekiweka karibu na dirisha. Bonge hajui bado mjomba ni kitu gani, uje ajue.

Mungu akushike njia nzima. Ukifika, tutakushika sisi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinuna,
Mama Bonge