Lebo ya Lamont Purdie

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Hathersby, Lancashire
Tarehe 12 Mei 2008, saa nne na robo asubuhi
Jina: Roy Entwistle. Umri: miaka 54. Kazi: fundi wa kupiga lipu; siku za Jumapili, mpiga santuri. Makazi: nyumba na. 17, Mtaa wa Tenter, Hathersby.

Nimekuja kwa hiari yangu, ingawa mke wangu Glenys amenisindikiza hadi mlangoni kuhakikisha hiari yenyewe haipotei njiani. Naomba Konstebo Rafiq aandike kwamba amenipa kiti nikakikataa. Tangu jana sikai mahali pamoja.

Norman Duckworth, mnayemshikilia, ninamfahamu kwa miaka thelathini na moja. Ni mtunza majengo wa shule ya msingi. Funguo za geti anazo yeye, na nilipopita pale saa tatu kasorobo watoto walikuwa bado wamesimama nje, mwalimu mkuu yuko kwenye simu, na hakuwa anacheka. Kazi hiyo mwizi hapewi. Norman hakuiba ile santuri. Nilimpa mimi.

Kwenye dansi letu la Jumapili mchana, pale klabu ya wafanyakazi, tunacheza soul, muziki wa zamani wa Wamarekani weusi, tena ule usiojulikana. Mpiga santuri akipata wimbo ambao wenzake hawana, huifunika lebo ya santuri kwa karatasi yenye jina la uongo, wasije wakautafuta. Si ulaghai, afande, ni desturi. Tusichosamehe ni wimbo mpya. Anayepiga wimbo wa redioni hushushwa jukwaani na harudi.

Mwezi Januari rafiki yangu Trevor Hindle, mwenye mashine ya kuchonga santuri stoo kwake, aliniletea rimiksi aliyoitengeneza. Wimbo wenyewe ni wa Kelly-Ann Threlfall, yule binti wa Bolton anayeimba kwa mtindo wa enzi za mama zetu. Unaitwa "Nirudishie Koti Langu", na hata mkwe wangu anaupiga mluzi. Trevor alikuwa ameuongeza mwendo, akatoa gitaa, akaweka ngoma na tarumbeta kama za mwaka 1966. Aliichonga santuri moja tu, ya aina laini, ambayo kila ikipigwa inalika kidogo.

Nilimwambia, "Trev, huu ni uhaini."

Akasema, "Isikilize miguu yako kwanza."

Miguu ikanisaliti. Tukabandika lebo: Lamont Purdie, Detroit. Mtu huyo hayupo. Kwa miezi minne watu mia mbili wamemshangilia, na bwana mmoja aliniambia alimwona Lamont akiimba Manchester mwaka 1969. Sikumsahihisha.

Mnamo tarehe 11 Mei, saa sita mchana, nilikuwa chooni klabuni nikihamisha lebo. Norman alikuwa amenibana wiki nyingi aishike santuri ile, nikaamua kumfanyia mzaha. Lebo ya Lamont niliibandika juu ya santuri ya nyimbo za Krismasi za watoto. Ile halisi nikaiandika "Bendi ya Matarumbeta ya Hathersby", ambayo hata mwizi mwenye njaa haigusi.

Saa tisa na dakika ishirini Norman alikuja jukwaani, jasho linamtoka, poda imemjaa kwenye suruali. (Afande aliyempekua jana na kuuliza kuhusu ule unga mweupe: ni poda ya watoto. Tunaimwaga sakafuni viatu viteleze.)

"Roy, nitakufa na umri huu sijamshika Lamont mkononi."

"Umri huna, una magoti tu."

"Dakika moja, ndugu yangu."

"Kaa naye hadi Jumatano. Lakini uape. Asijue mtu kwamba ametoka kwangu, hata polisi wakikuuliza."

Hayo ya polisi niliyaongeza kwa kuchekesha. Aliinua mkono akaapa. Hesabu yangu ilikuwa kwamba ataipiga nyumbani, asikie kengele za Krismasi, aje kunitukana, tucheke.

Saa kumi na dakika hamsini, kwenye maegesho, Trevor aliiona lebo ile ndani ya sanduku la Norman, buti la gari likiwa wazi. Hakujua habari ya mzaha wangu, na mchana ule alikuwa ameikosa kwenye sanduku langu. Alisema, "Kumbe ni wewe? Iko moja tu duniani, Norman." Akawapigia simu polisi.

Norman alinitazama mara moja, kisha akatazama viatu vyake. Watu walikuwa wamejaa. Kusema kwamba ile ni bandia kungenilazimu niseme halisi ni nini. Nikajifanya nakunja nyaya za spika. Askari walipomwuliza ameipata wapi, alisema, "Siwezi kusema." Gari likaondoka naye. Nikaendelea kukunja waya uliokwisha kukunjwa.

Leo asubuhi, kwenye chai, Glenys aliniuliza mbona nazunguka meza kama kuku. Nikamweleza. Akasema, "Kwa hiyo Norman yuko ndani kwa sababu wewe unaona haya kuupenda wimbo wa binti?" Nikasema ndiyo.

Bandueni lebo, mtaona. Ile halisi nimekuja nayo na ninaikabidhi. Naomba isipigwe ovyo. Jumapili ijayo nitayasema haya kwenye kipaza sauti, wanishushe wakitaka. Norman mfungulieni, akafungue geti.

Haya ndiyo maelezo yangu, na aibu iliyomo ni yangu pia.

(Sahihi) R. Entwistle

MAELEZO YA ASKARI
Nimemsomea shahidi maelezo yake, akayakubali, akiwa bado amesimama. Lebo ya kielelezo cha kwanza ilibanduliwa mbele yake: ni nyimbo za Krismasi. Kielelezo cha pili kilipigwa mara moja kwa uthibitisho, na mara ya pili kwa ombi la askari wa mapokezi. Bw. Hindle ameondoa lalamiko lake kwa simu. Bw. Duckworth aliachiwa saa tano na dakika kumi. Alieleza kwamba aliijua ile kuwa bandia kabla hajatoka ukumbini, kwa kusoma namba iliyochongwa kwenye santuri karibu na tundu la katikati, na kwamba sauti ya Kelly-Ann aliitambua tangu Januari, kwa kuwa binti yake anaupiga wimbo huo kila siku. Nilimwuliza kwa nini basi hakusema. Alijibu, "Niliapa," akaomba funguo zake.

(Sahihi) Konst. Y. Rafiq