Somo la Neno Mkono

Kasenga, Uvira
18 Aprili 1964

Mpendwa mdogo wangu Halidi,

Salamu nyingi toka kwetu. Habari za Kigoma? Kifua chako je, kimepona? Sisi wazima, mama na magoti yake vilevile. Nimekujulia hali kwa adabu. Sasa niache nikugombeze.

Ile karatasi uliyomtumia mume wangu Masumbuko, mistari kumi ya Kiingereza, yote imejengwa kwa neno moja, hand, yaani mkono, ndiyo iliyotuponza. Uliandika kwamba maana zitafuata. Kwa nini zifuate, Halidi? Wino ulikuishia?

Masumbuko alikuwa akiikariri ndani ya kamyo, lori lake, akipeleka vitambaa Luvungi. Unajua hamu yake ya kufanya biashara na maduka ya huko kwenu. Kwenye barrière ya Luberizi, kizuizi cha barabarani, askari wakaikuta mfukoni. Neno lilelile mstari baada ya mstari: wakasema ni siri ya waasi. Mkubwa wao alitambua mstari mmoja tu, hands up, mikono juu, aliousikia kwenye sinema za bunduki. "Weye iko unapanga kupiga nani?" akamwuliza. Wakamshusha, wakamleta kambi ya hapa mjini.

Maana zako zilifika siku ya tisa tangu akamatwe. Nikakimbia nazo kambini. Mkubwa akazisoma zote kwa sauti: handbag, mkoba wa mwanamke, handshake, kupeana mkono, second-hand, kitu kilichokwisha kutumiwa na mwingine. Akacheka mpaka akafuta macho. Nami, mjinga, nikacheka naye.

"Kweli hii iko masomo, mama," akasema. "Minye pia nataka kujua. Leta ingine, bwana yako atatoka."

Basi andika. Lugha hiyo naichukia, lakini andika. Chukua neno kichwa, nyumba, lolote, na maana uziweke palepale. Barua hii anavuka nayo ziwa Apolline, muuza ndagala, dagaa wa huko kwenu. Mpe jibu arudi nalo.

Kila mchana nampelekea Masumbuko chakula, na mlinzi hunirudishia sahani tupu. Juzi na jana imerudi na ugali wake, haujaguswa. Mlinzi hakutaka kunitazama. Andika tu, Halidi, usiniulize kitu.

Msalimie shangazi Riziki na wanawe, ila usiwasomee haya. Mungu akuzidishie afya, nami anipe moyo wa kukusamehe, kwani leo sina.

Dada yako, akupendaye hata hivyo,
Feza