Mkaa Kwa Mdomo wa Mtoto

Mama,

Nimempeleka mtoto kliniki. Chai iko kwa thamosi.

Asubuhi nikimwosha nimepata mkaa kwa mdomo wake, kama ule wa mursik, yale maziwa yaliyochachishwa kwa kibuyu chenye mkaa, tuliyoletewa na jirani. Mtoto wa wiki tatu! Najua ulisikia nesi akisema antibiotiki niliyodungwa nikijifungua inaweza kupunguza bakteria wazuri kwa tumbo la mtoto. Lakini alisema anyonye tu ndio warudi, Mama. Maziwa ya kibuyu hakuyataja.

~~Mwaga hiyo mursik.~~ Wekea mwanao Kituyi, mume wangu, yeye ana meno.

Wakiniuliza huko ni nani alimlisha, nitasema sijui. Lakini kijiko nimekiosha. Kilikuwa chini ya mto wako.

Nelima, mama ya mtoto