Saba Mara Nane Haina Punguzo

Mpendwa Shangazi, naomba msaada, tena wa haraka, maana nakuandikia nikiwa nimejifungia stoo ya madawati mabovu na kengele italia wakati wowote.

Mimi ni mama wa makamo, nimeuza mitumba miaka mingi mpaka sauti yangu ikajulikana sokoni kuliko sura, halafu nikachoka kukunja mashati ya watu, nikarudi chuo, nikakaa na watoto wanaoniita bibi, nikahitimu, na sasa nafundisha hesabu darasa la saba, kazi niliyoitamani tangu nikiwa msichana, ila Shangazi, mdomo umebaki sokoni. Siku ya kwanza niliuliza saba mara nane ni ngapi, kijana mmoja akasema arobaini, na mimi badala ya kumwambia amekosa nikajisikia nasema, "Arobaini hata mtaji haurudi, mwanangu, ongeza," akafika arobaini na tano, nikamwambia asinivunjie biashara asubuhi asubuhi, akafika hamsini, nikamwambia haya, chukua, lakini usimwambie mwenzako.

Akamwambia mwenzake. Sasa darasa zima halijibu swali bila kupatana, wengine wanadai kwamba kwa mwalimu wa darasa jirani wanaipata kwa arobaini na nane, mmoja hubeba begi akaelekea mlangoni kabisa, nami naona mteja huyo anapotea, namkimbilia, "Rudi tuongee, bei si ugomvi!" na anayejibu wa kwanza asubuhi simkatalii hata akisema tisa, kwa sababu mteja wa kwanza akiondoka mikono mitupu siku yote imeharibika. Juzi mwalimu mkuu aliingia akaniuliza mbele ya watoto nne mara nne ni ngapi, nikamjibu kumi na sita, ila kwa sababu ni yeye, kumi na nne.

Amesema Jumatatu atakaa nyuma ya darasa, na akisikia mtu anapatana nirudi nilikotoka, na nilikotoka hakupo tena, maana baba watoto alishageuza meza yangu ya sokoni kuwa banda la kuku.

Lakini kinachoniumiza si hicho. Kuna binti mmoja hajafungua mdomo tangu muhula uanze, walimu wenzangu walishamkatia tamaa, na wiki iliyopita akasimama mwenyewe akasema, "Hamsini na sita, mwalimu." Shangazi, mteja gani anataja bei yenyewe mara moja? Nikajua huyu kaficha nyingine mfukoni, nikambana, nikambana mpaka akafika hamsini na nane, nikampigia makofi. Akakaa chini. Hajasema tena, na kila nikimtazama anatazama dirishani.

Nishauri, Shangazi, na kama ushauri wenyewe ni mzito naomba unipunguzie kidogo.

Ni mimi, Mwalimu wa Bei ya Mazungumzo

SHANGAZI ANAJIBU

Mwalimu, pole. Nimecheka mpaka nikamwaga chai kwenye barua yako, kisha nikafika kwa yule binti na kicheko kikaisha.

Mazoea yana taabu, najua, lakini usimsingizie mdomo. Sokoni ulikuwa na bei ambayo hushuki chini yake hata mteja apige magoti. Usinidanganye kwamba hukuwa nayo, ungefilisika. Basi saba mara nane ndiyo hiyo. Bei yake ya juu na ya chini ni moja, na hukuipanga wewe. Kwa nini unagawa mali ya watu?

Kelele za darasa usizizime. Watoto wa umri huo kugombania hesabu ni bahati, kuna walimu wanawabembeleza angalau waamke. Waache wavutane wao kwa wao, ila kila anayetaja namba aje ubaoni aonyeshe ameipata wapi, mstari kwa mstari. Asiye na risiti hana mzigo. Yule wa begi mwache aende zake, afike uwanjani asimame peke yake na jua, utaona atakavyorudi. Jumatatu mkuu akisikia mabishano, asikie na jibu moja mwishoni. Mbili zake ulizompunguzia usizidai, mama, tafadhali.

Lakini yule binti ulimlangua. Alikuja na bei kamili mkononi, pengine aliipigia mazoezi nyumbani usiku kucha, ukamtoza zaidi na makofi juu. Nimekukasirikia kwa hilo, na ushauri unaotaka nikupunguzie sipunguzi hata nusu. Usisubiri Jumatatu. Kesho asubuhi, kabla hujaandika hata tarehe ubaoni, yeye ndiye awe mteja wako wa kwanza. Mwite kwa jina, mwambie mbele ya wote kwamba alikuwa sahihi na aliyekosa ni wewe, kisha mrudishie chenji yake, mbili.

Halafu muulize sita mara tisa. Akijibu, pokea, na unyamaze.